Upepo wa Lori la Zakayo

Mwanangu Bwire,

Ungekuwa Nairobi au Kampala ningeanza kwa kukuuliza hali, halafu nikuambie kwamba sisi huku hatujambo, mbuzi amezaa, mvua imekawia. Lakini wewe hujafika popote. Umekwenda kulala kwa nyanya yako ng'ambo ya mpaka, mwendo wa kumaliza sigara moja, na alfajiri utakuja hapa uwani kuchukua lori la mfanyabiashara Zakayo, uende nalo Tororo kuanza kazi. Barua hii nitaiweka juu ya kiti cha dereva. Naandika kwa sababu jana tulipojaribu kusema kwa mdomo tulimfanya mama yako ausahau ugali motoni mpaka ukaungua, na sidhani leo tungefanya vizuri zaidi.

Mambo ya kufua nguo, kuchemsha maji, kutoazima watu blanketi na kutokosa kanisani, mama yako amekwisha kukuambia mpaka umeziba masikio. Sina la kuongeza hapo. Mimi nataka kusema nawe juu ya upepo. Najua umecheka. Watu walianza kuucheka upepo wangu kabla wewe hujazaliwa, kwa hiyo nimezoea.

Kazi yangu ya kujaza matairi upepo ina ubaya wake. Mtu akinunua sukari anaiona. Akishonewa suruali anaivaa na kujitazama. Lakini mimi nilisimama hapa barabarani Busia nikikanyaga pampu mpaka goti likaanza kulia kama mlango mbovu, na nilipomaliza mteja aliliangalia tairi akaona ni lile lile. Mkulima mmoja wa pamba kutoka upande wa Tororo aliniambia, "Mzee, hii hewa si iko ya Mungu? Sasa mimi nalipa nini?" Nikamwambia, "Ya Mungu iko hapo nje, bwana, tele. Chukua uweke mwenyewe." Kumbe alikuwa mbishi kunishinda. Akapiga magoti, akaweka mdomo kwenye vali, ulimi ukabonyeza pini, na tairi likamrudishia mdomoni upepo wote aliokuja nao, na vumbi lake. Alikohoa mpaka akakaa chini. Mama yako akamletea maji, na mimi nikamjazia bure, kwa kuwa nilikuwa nimecheka mno hata nikaona haya kumdai.

Na baada ya uhuru, kizuizi cha hapa mpakani kilipopata askari wapya wenye kofia mpya, mmoja wao alisimamisha pikapu niliyokuwa nimeijazia, akazunguka akagonga matairi kwa fimbo. Akamwita dereva na mimi pia. "Hii gari inakwenda Uganda na hewa ya Kenya," akasema. "Mliandikisha?" Nikamjibu kwa heshima zote kwamba kama ni tatizo, tutaitoa hapo hapo na kuweka ya ng'ambo. Alifikiri. Akaangalia juu, akaangalia foleni. "Wacha tu," akasema, "lakini ikirudi, irudi na hiyo hiyo." Mpaka leo sijui kama alikuwa anatania.

Nakuandikia vichekesho hivi kwa sababu huko Tororo watakuambia baba yako ni mtu aliyenuna tangu kuzaliwa. Si kweli. Nilikuwa mcheshi, nikanunishwa.

Owor ndiye aliyekuwa akinichekesha kuliko wote. Ulimjua ukiwa mdogo, yule dereva wa Zakayo, Mjapadhola wa Mulanda, kule Uganda, aliyekuwa akikupakata kwenye usukani na kukuacha upige honi mpaka kuku wa jirani wakimbie. Alikuwa rafiki yangu. Siku moja tulikuwa naye njiani kwenda Nagongera, tairi likatoboka, spea nayo ikawa tupu, na mimi siku hiyo sikuwa na kiraka. Tukafanya walivyofanya madereva wote wa zamani. Tulikata nyasi, tukatoa mpira wa ndani, tukashindilia nyasi ndani ya tairi mpaka likasimama, tukajikokota hadi sokoni. Tulipoegesha, tairi lilikuwa limechanika ubavuni na nyasi zinachungulia. Ng'ombe wa mtu akaja, akanusa, akaanza kuvuta na kutafuna. Mimi nikataka kumfukuza. Owor akanishika mkono. "Wacha ikule," akasema. "Hiyo ng'ombe iko na njaa. Gari haiko na njaa." Soko zima lilisimama kutazama ng'ombe akila gari. Tulilala Nagongera siku ile, na sijawahi kulala nikiwa na furaha kama hiyo tena.

Sasa ngoja nikueleze ile ngumu ya Wandera, upepo uliopewa jina langu, ilikuwa nini, maana umeisikia kwa watu na hukuwahi kuisikia kwangu vizuri.

Polisi wa barabarani hawakuwa na mizani ya kupimia malori. Walipima kwa macho. Askari alikuja kando ya lori, akainama, akaangalia tairi pale linapokutana na ardhi. Likitoa tumbo, basi mzigo umezidi, shusha. Likiwa limesimama wima, pita bwana, safari njema. Wafanyabiashara wa huku mpakani hawakuchelewa kuelewa. Badala ya kupunguza magunia wakaongeza upepo. Ukilikaza tairi sana halitoi tumbo hata ulitwike nini, na askari anaona lori jepesi linapita. Huko kwingine sijui walifanyaje, lakini hapa kwetu hiyo ndiyo iliyokuwa elimu ya biashara, na mimi ndiye niliyekuwa mwalimu wake. Walinijia mpaka kutoka Tiira. "Weka ngumu ya Wandera," walisema. Tairi langu ukiligonga kwa chuma lililia kama kengele ya misheni, na mimi nilikuwa nikiligonga mara ya pili hata bila sababu, ili waliosimama pale wasikie.

Nilijua kwamba ni vibaya. Sitaki ufikiri nilikuwa mjinga. Tairi lenye upepo wa kiasi likikanyaga jiwe hubonyea kidogo, likasamehe, likapita. Lililokazwa kupita kiasi halibonyei. Jiwe linapiga nyuzi za ndani moja kwa moja, leo uzi huu, kesho ule, na juu ya hapo jua la saa sita linaupasha moto upepo ulioko ndani nao unatafuta pa kwenda. Yote haya niliyajua. Lakini mtu akisifiwa kila siku kwa jambo baya, Bwire, huanza kuliona kuwa ni kipaji. Mimi niliona hivyo, na nilivimba kichwa kuliko matairi yenyewe.

Siku ile ya Owor lori lilipakiwa mahindi hapa hapa uwani. Ulikuwa shuleni. Magunia yalipanda mpaka yakapita paa la kibanda cha dereva, na tairi za nyuma zilikuwa zimelala chini kama nguruwe. Zakayo alikuwepo, amevaa koti lake la kanisani ingawa haikuwa Jumapili. Nikajaza. Owor akazunguka lori lake, akarudi akaniambia taratibu, "Wandera, hii imekuwa ngumu sana. Toa hewa kidogo." Nikamwambia ukweli: nikitoa upepo na mzigo ukabaki ule ule, tairi litajikunja kila linapozunguka, litachemka, litapasuka mapema zaidi. Cha kutoa kilikuwa magunia. Zakayo akasikia. Akasema, "Magunia hayashuki. Wewe kazi yako ni upepo. Weka na za mbele." Wote wawili wakanitazama.

Ningeweza kuifunga pampu yangu nikaingia ndani. Nimeifikiria dakika hiyo mpaka imechakaa. Hakuna aliyenishika mkono, hakuna aliyenitishia. Zakayo angekasirika, angetafuta mtu mwingine, Owor angechelewa, labda angepata muda wa kukataa. Nilikanyaga pampu. Nilikanyaga kwa nguvu, kwa kuwa nilikuwa nimemkasirikia Zakayo, na hasira yangu yote nikaimalizia ndani ya tairi.

Lilipasuka la mbele, upande wa dereva, wakati Owor akishuka kuelekea kinamasi, ukishapita Nagongera unakwenda Mulanda. Lori lililala ubavu na mahindi yote yakaja mbele. Owor alikuwa karibu kufika kwao.

Matangani Zakayo alipewa nafasi ya kusema, kwa kuwa ndiye aliyeleta unga, sukari na fahali. Akasimama na lile koti. Akasema marehemu alikuwa mfanyakazi mwaminifu, lori lilikuwa zima, barabara ilikuwa kavu, lakini upepo ulikuwa mbaya. Ndivyo alivyosema, upepo ulikuwa mbaya, kama mtu anayesema maziwa yamechacha. Akatuomba tumwombe Mungu atuepushe na upepo mbaya. Watu wakaitika amina na wakageuka kunitazama. Baadaye mama yake Owor alinijia nilipokuwa nimekaa. Kiswahili hakuwa nacho kingi. Aliniuliza, "Wandera, hewa inaua mtu namna gani?"

Nikamwambia, "Sijui, mama."

Nilijua. Katika mji wote ule ni mimi niliyejua kabisa, hatua kwa hatua, na ni mimi niliyeulizwa na mtu aliyekuwa na haki ya kujibiwa. Ningesema ni magunia, mama, ni tamaa ya yule pale aliyevaa koti, na ni mguu wangu huu. Niliogopa. Wala sikuogopa kupigwa. Niliogopa kwamba Zakayo hatanipa kazi tena. Na unajua kilichofuata: hakunipa kazi tena. Mtu ambaye upepo wake ni mbaya hawezi kujazia malori ya mtu mwenye heshima. Nilijinyamazisha ili nisikose kitu ambacho tayari kilikuwa kimekwisha kuondoka.

Wengine nao wakafuata. Madereva waliokuwa wakinipigia honi tangu kule kwenye kona wakawa wanapita wakiangalia mbele. Wakaenda ng'ambo kwa bwana mmoja mwenye mashine ya injini, anayejaza kwa kubonyeza tu, na akawa anawakazia matairi kuliko hata nilivyowakazia mimi, na magunia yakazidi kupanda. Hakuna aliyepunguza hata gunia moja kwa ajili ya Owor. Walibadilisha mtu wa kujaza, basi. Hilo ndilo linaloniuma, na nakuambia wazi kwamba linaniuma mpaka leo, na ukiona nimekaa mlangoni nimenuna ujue ndilo ninalotafuna. Nilijaribu kulima mihogo, ukaona ile mihogo. Nyanya yako alisema ilifanana na vidole vya mtu mgonjwa.

Halafu mwezi uliopita Zakayo akaja hapa baada ya ibada. Akakaa kwenye kiti changu. Akasema yaliyopita yamepita, akasema Bwire ana mkono mzuri wa usukani na anamtaka akae Tororo kwenye yadi yake, aendeshe lori. Nikaona uso wako. Sijawahi kukuona umefurahi vile tangu ulipokuwa ukipiga ile honi. Nikanyamaza tena. Unaona jinsi mtu anavyozoea kunyamaza? Nilisubiri mpaka lori limeletwa, limepakiwa, limeegeshwa uwani kwetu, mpaka umekwisha kuwaaga rafiki zako, ndipo jana nikafungua mdomo, chakula kikiwa bado motoni.

Ukaniambia, "Baba, miaka yote hiyo ulijaza, tukala, mimi nikasoma. Sasa nikiendesha mimi ndiyo imekuwa makosa?"

Lilikuwa swali la haki. Nilipaswa kusema ndiyo, ilikuwa makosa wakati ule na ni makosa sasa, na chakula hicho ulichokula ni sehemu ya makosa yenyewe, na sikujua namna nyingine ya kukulisha au sikuitafuta. Badala yake nikasema, "Basi nenda ukafe kama Owor." Hata mwiko ulimwanguka mama yako. Nimemaliza siku nzima nikijaribu kulirudisha neno hilo mdomoni. Halirudi. Wewe uliinuka, ukachukua koti, ukaniambia usiku mwema kwa adabu, ukaingia chumbani kwako, na adabu hiyo iliniumiza kuliko kama ungenitukana.

Sikuombei ufe. Naandika ili ulione hilo kwa macho, ikiwa hukulisikia.

Ulipoondoka leo jioni nikatoka kulitazama lori. Nisamehe, ni mazoea, siwezi kupita tairi bila kuinama. Nikaligonga la mbele, likalia ule mlio wangu wa zamani. Bwana wa mashine amelijaza sawasawa na sifa alizonazo. La nyuma upande wa kushoto, katika yale mawili yanayokaa pamoja, kuna jiwe lilikuwa limebanwa katikati. Nimelitoa kwa jeki na bisibisi. Hilo ukaliangalie kila unaposimama, wala usimtume tanboi, yule msaidizi wako wa garini, yeye atakuambia ameangalia. Vifuniko viwili vya vali havikuwepo, nimeweka vyangu. Watu hudhani kifuniko ni pambo. Weka mate kidogo kwenye ncha ya vali kabla ya kufunga. Mate yakitoa povu, hapo upepo unatoroka, na utatoroka polepole wakati wewe unaimba.

Pima asubuhi tairi likiwa baridi. Ukipima mchana baada ya safari utaona limekaza, utadhani limezidi, utalipunguza, na kesho yake utaamka nalo limelegea. Upepo wa mchana ni mwongo, ndivyo Owor alivyokuwa akisema. Ukisimama njiani liguse kila tairi kwa mgongo wa mkono kama unavyomgusa mtoto mwenye homa. Likiwa moto kuliko wenzake, kuna jambo, usiondoke. Na usilipige teke. Wenye mali ndio wanaopiga matairi mateke, ili waonekane wanajua. Tairi likipigwa teke halisemi chochote.

Na likipasuka la mbele, mwanangu, usikanyage breki. Mguu utataka wenyewe, utataka sana, ukatalie. Shika usukani kwa mikono yote miwili, ng'ang'ania njia, acha lori lichoke lenyewe. Nimewahi kujiuliza kama Owor alikanyaga. Sikumwambia, nilidhani anajua kila kitu.

Baada ya hapo nilikaa chini mbele ya gurudumu, mkononi nina kijiti cha kubonyezea vali. Ningeweza kuutoa upepo wote ule mbaya nikasikia umeisha kwa kufoka. Lakini ningekuwa nakuua kwa upande mwingine, kama nilivyomwambia Owor: tairi lililolegea chini ya mzigo ule lingechemka kabla hujaliona jabali la Tororo. Hakuna kipimo cha upepo kinachoweza kubeba magunia yale salama. Chini ya mzigo ule sina ujuzi wowote. Miaka yote hiyo watu walidhani mimi nina dawa, nami nikawaacha wadhani hivyo.

Basi nikamwita mama yako, nikamwita na jirani yetu Ekirapa, ambaye ana mgongo mzuri na haulizi maswali mpaka amalize kazi. Tukatoa kamba, tukaegemeza mbao mbili kwenye mkia wa lori, tukayateremsha magunia moja moja. Ekirapa alipomaliza akajifuta jasho akauliza, "Sasa hii mnaiba, ama namna gani?" Mama yako akamjibu, "Tunapunguza." Tumeteremsha mpaka tairi zikasimama jinsi zinavyopaswa kusimama zenyewe, bila kukazwa. Hapo ndipo nilipochukua kipimo changu na kutoa upepo, kidogo kidogo, kila gurudumu kwa mzigo wake. Nimezunguka mara nyingi kuliko inavyohitajika. Nimeligonga kila moja na sasa hayalii kengele. Yanatoa sauti nzito, ya chini, na polisi akiinama ataona lori lililopakiwa kwa haki. Ndiyo kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, na Zakayo atanichukia kwa ajili yake.

Atakuchukia na wewe. Sikufichi. Ukifika Tororo na mzigo pungufu atasema umeiba, na huenda kazi hii ikaishia siku yake ya kwanza. Najua ulivyoingojea. Najua kwamba hapa mpakani hakuna aliyejipanga kukupa nyingine. Nimekuchukulia kitu chako bila kukuuliza, kwa mikono ile ile, na una haki ya kunikasirikia kwa muda wowote utakaoutaka. Lakini sitakuacha ujibu peke yako. Wewe ukiwasha lori, mimi nitakuwa nabisha mlango wa Zakayo hapa mjini kabla hajanywa chai. Nitamwambia magunia yake yako kwangu, hakuna lililofunguliwa, aje na gari jingine ayachukue. Na watu wakikusanyika, kwa kuwa watakusanyika, nitawaambia ni nini kilichomuua Owor. Kisha nitakwenda Mulanda kwa yule mama, kama bado yuko hai, nimjibu. Naogopa, Bwire. Nimeogopa tangu jua lilipotua, na mama yako amenipikia uji kama mgonjwa.

Endesha polepole mpaka kwenye lami. Usimpe mtu lifti juu ya mzigo, nafasi niliyoiacha mimi wewe usiijaze watu.

Na ikiwa utafukuzwa, rudi. Usiende kujificha kwa rafiki kwa kuona haya. Ila chumbani kwako hakulaliki kwa sasa. Hatukuwa na pengine pakavu pa kuweka mahindi ya watu, kwa hiyo magunia yako juu ya kitanda chako mpaka karibu na bati, na mengine yako sakafuni, ukutani, mlango wenyewe haufungi. Mama yako alipoliweka la mwisho alikaa juu yake akalia, akasema kitanda hakijawahi kubeba mzigo mzito kama huu. Utatandika mkeka sebuleni pamoja nasi, miguu yako itafika mlangoni kwa urefu huo ulioupata, na mimi sitalala. Nitakaa pale nikusikilize ukikoroma.

Baba yako,
Wandera